Lord Delamere, Mkutano wa Tukuyu na Swali la Nani Amkaribishe Mwekezaji

Na Mwandishi Wetu, Tukuyu

Watanzania wengi wanaijua Tukuyu kwa mvua zake, kwa ndizi na chai, au kwa timu ya Tukuyu Stars iliyotwaa ubingwa wa ligi mwaka 1986. Wachache wanafahamu kwamba mwezi Oktoba mwaka 1925 mji huu mdogo, uliopo chini ya Mlima Rungwe, ulikuwa mwenyeji wa mkutano uliolenga kuamua hatima ya ardhi kutoka Kenya hadi mipaka ya Rhodesia. Aliyeuitisha hakuwa gavana wala ofisa wa Serikali. Alikuwa mkulima mlowezi kutoka Njoro nchini Kenya, Hugh Cholmondeley, ambaye dunia ilimfahamu kwa cheo chake cha urithi: Lord Delamere wa tatu.

Maisha ya mtu huyu yanastahili kusimuliwa hapa nchini kwa sababu moja mahsusi. Kabla ya kuwepo kituo chochote cha uwekezaji, kabla ya hati za vivutio na madirisha ya huduma za pamoja, Delamere alikuwa mwekezaji wa kigeni, mwitaji wa wawekezaji wenzake, na wakati huohuo mtu aliyetaka kuketi kwenye kiti cha Serikali iliyopaswa kumdhibiti. Mambo hayo matatu yalipokutana ndani ya mtu mmoja, matokeo yake yalionekana katika ardhi, na yanaonekana hadi leo.

Delamere alizaliwa tarehe 28 Aprili, 1870 katika ukoo tajiri wa Kiingereza wenye makao yake Vale Royal, Cheshire. Alisoma Eton, lakini hakuwa mtu wa vitabu. Baba yake alifariki mwaka 1887, na kijana huyo wa miaka 17 akarithi cheo, mashamba na jumba. Mwaka 1891 alikwenda Somalia kuwinda simba, akarejea huko mara kadhaa. Mwaka 1894 simba alimjeruhi vibaya mguuni; aliokolewa na Msomali aliyembebea bunduki, naye akachechemea hadi mwisho wa uhai wake. Ni jambo la kutafakarisha kwamba mtu aliyekuja baadaye kudai nyanda za juu ziwe za Wazungu alikuwa hai kwa sababu Mwafrika mmoja alimrukia simba kwa ajili yake.

Safari iliyombadilisha ilikamilika mwaka 1897. Akiwa na msafara wa ngamia alitoka pwani ya Somalia, akavuka maeneo makavu ya kaskazini, na hatimaye akaingia kwenye nyanda za juu za kati za nchi inayoitwa Kenya leo. Baada ya miezi mingi ya jangwa aliona majani mabichi, mito ya maji baridi na hewa iliyomkumbusha kwao. Nchi hiyo, kwa macho yake, ilikuwa tupu. Haikuwa tupu. Wamaasai walikuwa wametoka kupoteza ng'ombe kwa sotoka na watu kwa ndui, na malisho yao yalikuwa yakipumzika yakisubiri mifugo iongezeke tena. Kosa hilo la kuona ardhi iliyopumzishwa kuwa ni ardhi isiyo na mwenyewe lilikuja kuwa msingi wa sera nzima.

Ili kuelewa kwa nini Serikali ya kikoloni ilimpokea mtu kama yeye kwa mikono miwili, ni lazima kuitazama reli. Reli ya Uganda, iliyofika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901, iliwagharimu walipa kodi wa Uingereza zaidi ya pauni milioni 5, na haikuwa na mizigo ya kuitosha. Kamishna Sir Charles Eliot, aliyeongoza himaya hiyo kati ya mwaka 1900 na 1904, aliona kwamba njia ya haraka ya kuirejesha fedha hiyo ni kuwaleta walowezi wenye mitaji walime kwa ajili ya soko la nje. Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya mwaka 1902 ikampa uwezo wa kugawa ardhi. Kwa lugha ya leo, ofisi ya Kamishna iligeuka kuwa wakala wa kuvutia uwekezaji: ilitangaza nchi, ikatafuta waombaji, ikatoa ardhi na kupanga masharti. Tofauti na wakala wa leo ni kwamba watu waliokuwa wakiishi juu ya ardhi hiyo hawakuwa na sauti yoyote katika shughuli hiyo.

Delamere aliomba ardhi mwaka 1903. Ombi la kwanza lilikataliwa kwa kuwa eneo lilikuwa mbali mno na makazi ya watu. Ombi la pili, la ekari 100,000 karibu na Naivasha, lilikataliwa kwa hofu kwamba lingeleta ugomvi na Wamaasai. La tatu likakubaliwa: ekari 100,000 huko Njoro, kwa muda wa miaka 99, kwa kodi ya pauni 200 kwa mwaka, na kwa sharti la kuwekeza pauni 5,000 katika miaka mitano ya mwanzo. Msomaji aliyewahi kushika mkataba wa uwekezaji atayatambua mara moja mambo haya: ukomo wa muda, kodi ya pango, kiwango cha chini cha mtaji, na ratiba ya kukitimiza. Kwa upande wa karatasi, mfumo ulikuwa tayari umekamilika zaidi ya miaka 120 iliyopita.

Kwa upande wa shamba, mambo yalikuwa tofauti. Njoro ilikuwa na majani mengi, lakini Wamaasai hawakupenda kulisha hapo, na sababu waliijua wao. Udongo ulikosa madini ambayo mwili wa mnyama unayahitaji. Ng'ombe wa kigeni walioletwa kwa meli kwa gharama kubwa walidhoofika, wengine wakafa kwa homa ya mapafu na ndigana kali. Kondoo nao hawakustawi. Delamere akageukia ngano, akalima kwa wingi, na kutu ya ngano ikaifuta. Hapo ndipo tabia yake bora ilipojitokeza, na mwandishi huyu hana sababu ya kumnyima sifa hiyo. Badala ya kufunga virago, alianzisha maabara ya ngano shambani kwake, akaajiri wataalamu kuchanganya mbegu hadi zipatikane zinazohimili kutu ya nyanda za juu. Mwaka 1908 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya kusaga nafaka ya Unga Limited, ili ngano ipate soko karibu. Alijaribu hata kufuga mbuni kwa ajili ya manyoya ya kofia za wanawake wa Ulaya. Magari yalipoenea, kofia kubwa zenye manyoya zikaachwa, na biashara hiyo ikafa.

Fedha yote hiyo ilitoka wapi? Aliiweka rehani mirathi yake ya Uingereza, kisha akakopa benki, kisha akakopa tena. Kwa miaka kadhaa mtu mwenye cheo cha ubwana aliishi katika nyumba ya udongo na nyasi pamoja na mkewe, Lady Florence Cole, aliyemwoa mwaka 1899 na aliyefariki mwaka 1914. Wapo wanaomkumbuka Delamere kwa vurugu za hotelini Nairobi na risasi zilizovunja taa. Hayo yalikuwepo. Lakini mtu aliyekuwa akiamka usiku wa manane kwenda kukagua mifugo yake hakuwa mzembe.

Mwaka 1906 alipata eneo lingine kubwa kati ya Gilgil na Nakuru, Soysambu, na hapo ndipo alipoanza kupumua kifedha. Ni hapo pia ambapo upande wa pili wa historia yake unapaswa kuelezwa bila kupunguzwa. Bonde la Ufa lilikuwa malisho ya Wamaasai. Kwa makubaliano ya mwaka 1904 walihamishwa wakapewa maeneo mawili, moja likiwa Laikipia, nao wakaahidiwa kwamba makubaliano hayo yatadumu. Ahadi haikudumu hata miaka 10. Mwaka 1911 yalifanyika makubaliano mengine, na Wamaasai wa Laikipia wakasukumwa kwenda kusini ili nafasi yao ichukuliwe na walowezi. Walifungua kesi, na mwaka 1913 ikatupwa. Delamere binafsi alikuwa rafiki wa Wamaasai. Alijua lugha yao, aliketi nao, aliwaajiri na kuwaamini na mifugo yake. Urafiki huo haukuwarudishia hata ekari moja.

Kwa walowezi wenzake alikuwa kiongozi asiye na mpinzani. Alisaidia kuwavuta wageni kwa ahadi ya ekari 640 kwa kila mlowezi mpya, na wapatao 200 waliitikia. Aliongoza chama cha walowezi, na Baraza la Kutunga Sheria lilipoanzishwa mwaka 1907 akawa miongoni mwa wajumbe wake. Hoja yake ilikuwa moja kwa miaka yote: anayetia mtaji ndiye anayestahili kutunga sheria. Serikali ilipomkatalia jambo aliiona kuwa ni kundi la makarani wasiojua gharama ya jembe. Ilipomkubalia, alidai zaidi. Ushuru wa forodha wa kulinda ngano yake, nauli nafuu ya reli kwa mazao yake, kodi kwa Waafrika ili watoke majumbani kutafuta ajira kwenye mashamba: madai haya, moja baada ya jingine, yaliingia katika sera za Kenya.

Pigo la kwanza kubwa lilimpata mwaka 1923. Wahindi waliokuwa Afrika Mashariki walidai haki sawa, walowezi wakatishia uasi, na Delamere akaongoza ujumbe wao London. Serikali ya Uingereza ikatoa tamko lililotambulika kwa jina la Waziri wa Makoloni, Duke wa Devonshire, likisema kwamba Kenya kimsingi ni nchi ya Waafrika, na kwamba masilahi yao yatatangulia pale yanapogongana na ya wageni. Walowezi walilitafsiri tamko hilo kama ushindi dhidi ya Wahindi. Delamere aliyasoma maneno hayo kwa makini zaidi ya wenzake, na kutoka hapo akaanza kutazama kusini.

Kusini ilikuwa Tanganyika. Hapa hali ya kisheria ilikuwa nyingine kabisa. Nchi ilikuwa imetoka mikononi mwa Ujerumani na kukabidhiwa Uingereza kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa; mtawala alipaswa kutoa taarifa Geneva kila mwaka. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, iliyokuja kufahamika kama Sura ya 113, ilitangaza ardhi yote kuwa ya umma, chini ya mamlaka ya Gavana, kwa manufaa ya wenyeji, na mgeni hakuuziwa ardhi bali alipewa haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Kwa Delamere hiyo ilikuwa hatari. Endapo Kenya ingekuwa kisiwa cha walowezi kilichozungukwa na nchi za namna hiyo, isingedumu. Hivyo alitaka mlolongo mmoja wa makazi ya Wazungu kupitia nyanda za juu za Iringa, Mbeya na Rungwe hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, wenye reli moja, sera moja ya ardhi na hatimaye serikali moja.

Mazingira yalimpa moyo. Mwaka 1924 tume ya wabunge wa Uingereza ikiongozwa na Ormsby-Gore ilizunguka Afrika Mashariki, na taarifa yake ya mwaka 1925 ilipendekeza mkopo wa pauni milioni 10 wenye dhamana ya Serikali kwa ajili ya reli, bandari na barabara. Fedha hizo zilihitaji mahali pa kwenda, naye alitaka ziende Nyanda za Juu Kusini, kwa reli ambayo ingetoka kwenye Reli ya Kati na kushuka hadi mpaka wa Rhodesia. Yeye mwenyewe alitia mtaji katika ardhi ya Iringa, na akaanzisha kampuni ya kuwasaidia walowezi wapya kuanza maisha huko. Wakati huohuo mataifa ya Ulaya yalikuwa Locarno yakipatana na Ujerumani, na miongoni mwa walowezi ikaenea hofu kwamba Tanganyika ingerudishwa kwa Wajerumani kama sehemu ya mapatano.

Ndipo akaitisha mkutano Tukuyu. Uchaguzi wa mahali haukuwa wa bahati. Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu-Langenburg, ilikuwa na boma imara, hali ya hewa ya baridi, na ilikuwa karibu na Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini kuliko mji mwingine wowote wa utawala nchini. Mbeya haikuwa bado mji. Delamere alikuja kwa gari kutoka Nairobi, safari ya zaidi ya kilometa 1,000 kwenye njia ambazo nyingi hazikustahili kuitwa barabara, na gharama za shughuli nzima kwa sehemu kubwa alizibeba mwenyewe. Wajumbe walitoka Kenya, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Wote walikuwa Wazungu. Wanyakyusa, ambao mashamba yao ya migomba yalikuwa yameuzunguka mji kila upande, hawakualikwa, ingawa mada kuu ilikuwa nchi yao.

Walijadili uhusiano wa makoloni yao, reli, msimamo mmoja kuhusu makazi ya Wazungu, na haja ya Tanganyika kubaki chini ya Uingereza daima. Hawakutoka na shirikisho. Wajumbe wa kusini waliiogopa Nairobi, na kila upande ulikuwa na hesabu zake. Mikutano mingine ilifuata, Livingstone mwaka 1926 na Nairobi mwaka 1927, lakini hakuna uliopata umaarufu wa ule wa kwanza. Kwa mtazamo wa leo, kilicho muhimu katika mkutano wa Tukuyu ni umbo lake kuliko maazimio yake. Wawekezaji waliketi peke yao, wakaandika sera ya uwekezaji, kisha wakaipeleka kwa Serikali ili itie saini.

Serikali ya Tanganyika haikutia saini. Gavana Sir Donald Cameron alikuwa amewasili Dar es Salaam mwezi Aprili mwaka huohuo. Alikuwa mtumishi wa Serikali tangu ujana, mkali wa kalamu, mtu asiyependa kupangiwa. Hakuwa mpinzani wa mtaji wa kigeni. Wakati wake walowezi waliendelea kupewa ardhi, Wajerumani wakaruhusiwa kurejea kuanzia mwaka 1925, na wengi wao wakafungua mashamba Iringa, Mufindi na Mbozi. Lakini aliagiza upimaji wa ardhi utangulie ugawaji, ili ijulikane kwanza wenyeji wanahitaji kiasi gani sasa na baadaye, na kile kitakachobaki ndicho mgeni aombe. Vilevile alisisitiza kwamba Mwafrika anayelima kahawa au pamba kwenye shamba lake ni mzalishaji wa kuhesabiwa katika uchumi, wala si kibarua anayesubiri kuajiriwa. Muungano wa karibu na Kenya aliupinga waziwazi, hata London alipoitwa kujieleza.

Haifai kumfanya Cameron shujaa. Alikuwa gavana wa kikoloni, na Baraza la Kutunga Sheria aliloliunda mwaka 1926 halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Hata hivyo, katika mgogoro huu aliweka mstari ambao Delamere hakuuvuka: kumkaribisha mgeni na kumgawia ardhi ni kazi ya Serikali, na Serikali hiyo inawajibika kwa zaidi ya mgeni mwenyewe. Wilaya ya Rungwe ilinufaika na mstari huo, pia na ukweli mwingine uliokuwa na nguvu kuliko sheria. Rungwe ilikuwa imejaa watu. Mnyakyusa alikuwa amelima migomba, maharage na mpunga wa bondeni kwa vizazi, na hapakuwa na eneo kubwa la kuonyesha kwenye ramani na kuliita tupu. Mashamba makubwa yaliyofunguliwa hapa yalikuwa machache, mengi yao ya chai. Zao hilo lilikuwa limeanza kupandwa Kyimbila, jirani na mji wa Tukuyu, mwaka 1904, na nchini kilimo chake cha biashara kilianza mwaka 1926.

Miaka ya mwisho ya Delamere ilikuwa ya kuhangaika. Mwaka 1928 alioa tena. Tume ya Hilton Young, iliyotoa taarifa mwaka 1929, haikumpa alichotaka. Bei za mazao zikaporomoka duniani, nzige wakavamia, na madeni yake yakazidi thamani ya mali. Mwaka 1931 Kamati ya Pamoja ya Bunge la Uingereza ilisikiliza suala la muungano kwa mara ya mwisho. Safari hii Tanganyika ilituma mashahidi Waafrika watatu kwenda London: Martin Kayamba wa Tanga, Francis Lwamugira wa Bukoba na Mtemi Makwaia wa Usiha, Shinyanga. Miaka sita tu baada ya Tukuyu, ambako Mwafrika hakuruhusiwa hata kusikiliza, watatu hawa waliketi mbele ya wabunge na kueleza kwa nini nchi yao isiunganishwe na Kenya ya walowezi. Kamati ikaamua muungano usifanyike.

Tarehe 13 Novemba, 1931 Delamere alifariki nyumbani kwake Loresho, Nairobi, akiwa na umri wa miaka 61, akazikwa Soysambu. Aliacha madeni makubwa ya benki. Elspeth Huxley aliandika wasifu wake, uliochapishwa mwaka 1935, na sanamu yake ikasimamishwa Nairobi katika barabara iliyoitwa kwa jina lake. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 sanamu iliondolewa, na barabara hiyo sasa ni Kenyatta Avenue.

Swali aliloliacha, la nani amkaribishe mwekezaji na kwa masharti ya nani, lilirithiwa na Tanganyika huru, na majibu yake yamebadilika kila kizazi. Serikali ya kwanza ilitunga Sheria ya Kulinda Vitegauchumi vya Kigeni ya mwaka 1963, iliyomhakikishia mgeni haki ya kurejesha faida na mtaji wake kwao. Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, lilianzishwa ili Serikali yenyewe iwe mbia wa viwanda. Azimio la Arusha la Februari 1967 likaweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma, na kwa takribani miaka 20 kazi ya vyombo vya Serikali ilikuwa kumiliki na kuendesha zaidi ya kuvutia. Hata hivyo mtaji wa nje haukukoma. Ulibadili mlango tu. Mamlaka ya Chai, iliyoundwa mwaka 1968, ilitumia mkopo wa Benki ya Dunia kuwasaidia wakulima wadogo, na Rungwe ikawa miongoni mwa wilaya ambazo chai ilitoka kwenye mashamba makubwa na kuingia kwenye viunga vya kaya. Reli ya kusini aliyoitamani Delamere ikajengwa na Wachina kwa mkopo usio na riba, ikakabidhiwa mwaka 1976 kwa jina la TAZARA, nayo haikuwafuata walowezi.

Mwaka 1990 ikatungwa sheria mpya ya kukuza na kulinda uwekezaji, ikaunda kituo ambacho kazi yake kubwa ilikuwa kuchambua na kuidhinisha miradi. Wawekezaji walilalamika kwamba idhini moja ilihitaji idhini nyingine kumi katika wizara mbalimbali. Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 1997 ikakigeuza kuwa Kituo cha Uwekezaji Tanzania, TIC, chenye jukumu la kuwezesha: maofisa wa uhamiaji, kodi, kazi na ardhi waliletwa chini ya paa moja ili mwombaji asizunguke. Sheria ya mwaka 2022 ilishusha kiwango cha mtaji kwa mwekezaji mzawa hadi dola 50,000 za Marekani, hatua iliyokiri kwamba uwekezaji si neno la wageni peke yao. Na mwaka 2025 TIC na mamlaka iliyosimamia maeneo ya uzalishaji kwa mauzo ya nje, EPZA, viliunganishwa kuwa chombo kimoja, Mamlaka ya Uwekezaji na Maeneo Maalum ya Kiuchumi Tanzania, TISEZA.

Katikati ya mabadiliko hayo yote, kipengele kimoja kimekaa palepale. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inaeleza kuwa ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa, na anachopata ni haki ya kuitumia inayotokana na hati iliyo mikononi mwa chombo cha uwekezaji. Ardhi ya kijiji inalindwa na Sheria Namba 5 ya mwaka huohuo, ambayo haitaki kuhamishwa kwake kufanyike kabla wanakijiji hawajaelezwa na kusikilizwa.

Kwa mwananchi wa Rungwe anayefuatilia matangazo ya uwekezaji katika chai, kahawa na sasa parachichi, maana yake ni ya kila siku. Mgeni anayehitaji ekari 100,000 hawezi kuzipata hapa, kwa sababu hazipo, na mwenye kutaka chai ya Rungwe hulazimika kuzungumza na mwenye majani. Kiwanda cha Katumba, nje kidogo ya Tukuyu, kilipotoka mikononi mwa Serikali mwanzoni mwa miaka ya 2000, kilikwenda kwa kampuni ambayo ndani yake wakulima wadogo wa wilaya hii, kupitia chama chao, walikuwa wanahisa pamoja na mwekezaji.